Je, wajua? Shule haina ada, mbona mtoto yuko machimboni?

Ada ya shule ya msingi Tanzania Bara ilifutwa mwanzoni mwa miaka ya 2000. Hata hivyo, shirika la haki za binadamu la Human Rights Watch lilipofika kwenye machimbo ya dhahabu ya wachimbaji wadogo Geita, Shinyanga na Mbeya kwa ajili ya ripoti yake ya 2013, lilikuta watoto wakifanya kazi, wengine wana miaka minane tu.

Jibu la haraka ni umaskini. Ni kweli, ila halitoshi, maana familia nyingi maskini hazipeleki watoto machimboni. Dhahabu ina tabia yake: inalipa leo leo. Mtoto hahitaji mwajiri wala barua. Anakusanya marudio, yaani mchanga uliokwisha kuoshwa, anauosha upya, na akipata chembe mnunuzi yuko palepale na mizani yake. Jioni kuna hela ya unga. Shule nayo, hata bila ada, inadai sare, viatu, madaftari na chakula cha mchana, na faida yake haionekani mpaka miaka ipite. Bibi aliyeachiwa wajukuu yatima hupiga hesabu hiyo, na kusema kweli si hesabu ya kijinga.

Kinachokosekana kwenye hesabu hiyo ni zebaki, metali ya majimaji yenye sumu. Huchanganywa na mchanga ili inase dhahabu, mara nyingi kwa mikono mitupu, kisha huchomwa motoni. Mvuke wake hauonekani, unaingia mapafuni na kudhuru ubongo na mishipa ya fahamu. Mtoto, ambaye ubongo wake bado unakua, huumia zaidi.

Sheria ya Mtoto ya 2009 inaruhusu kazi nyepesi kuanzia miaka 14, na kazi za hatari, uchimbaji ukiwamo, inazikataza hadi miaka 18. Kwa hiyo tatizo si mtoto kuteka maji nyumbani, ni kazi ya machimboni.

Basi tufanye nini? Kuwafukuza watoto tu hakusaidii sana. Wanahamia machimbo mengine. Fedha za TASAF, mfuko wa serikali wa maendeleo ya jamii, kwa kaya maskini zimeongeza mahudhurio shuleni na kupunguza vibarua vya watoto nje ya nyumba, ingawa utafiti ulionyesha pia kwamba baadhi waliishia kuchunga mifugo ya nyumbani, kwa sababu familia zilinunua mifugo. Ndiyo maana ruzuku peke yake haitoshi. Chakula cha mchana shuleni, na darasa lililo karibu na machimbo, vinagusa sababu zilezile zinazomtoa mtoto darasani.

Halafu kuna wanunuzi, ambao hatuwasemi vya kutosha. Tangu 2019 kuna masoko rasmi ya madini, likiwamo la Geita, ambako dhahabu hupimwa na kutozwa mrabaha, yaani malipo ya serikali kwa madini. Mwenye leseni ya kununua akibanwa aeleze dhahabu yake imetoka duara (shimo la kuchimbia) lipi na imeoshwa na nani, chembe ya mtoto itakosa soko.