Je, wajua? Kutoa manii hakuharibu "mazoezi ya kukuza uume"

Ukikaa kijiweni Mtwara mjini au kwenye kahawa Lindi baada ya swala ya isha, mazungumzo ya wanaume huanza na bei ya korosho, yakaenda kwenye mpira, kisha yakafika kwenye jambo wanalolisema kwa sauti ya chini. Kijana anatoa simu na kuwasikilizisha wenzake sauti aliyotumiwa na mtu anayemuuzia mazoezi ya kukuza uume. Ni kuvuta, kisha kukamua kwa kidole gumba na cha shahada kutoka shinani kwenda kichwani, asubuhi na jioni, siku 90. Na kuna sharti: siku zote hizo usimwage. Si kwa mke, si kwa punyeto. Ukimwaga mara moja tu, hesabu inaanza upya.

Sharti hilo limewaingiza watu kwenye shida kubwa kuliko mazoezi yenyewe. Kuna ndoa zinazoyumba kwa sababu mume amehamia mkekani bila kumweleza mkewe kisa. Kwa hiyo swali ni la haki: je, kumwaga kunaathiri matokeo?

Hapana. Kumwaga hakuongezi uume wala hakuupunguzi, na hakufuti kazi ya zoezi lolote. Sababu inaonekana ukitazama uume ulivyoumbwa.

Wengi wanaufikiria uume kama msuli, kwamba ukiufanyisha kazi utavimba kama bega la mpakiaji wa magunia ghalani. Lakini uume hauna msuli wa aina hiyo ndani yake. Una mirija miwili ya nyama laini yenye vitundu vingi, iliyolala sambamba upande wa juu, na mwingine mwembamba chini yake uliozunguka njia ya mkojo na manii. Mirija ile miwili imevikwa gamba gumu la kolajeni. Fikiria gurudumu la baiskeli: unapotia upepo, mpira wa ndani unafutuka mpaka unagota kwenye tairi, na hapo ndipo unapata ugumu. Damu ndiyo upepo, gamba ndiyo tairi. Ukubwa wa uume uliosimama unaamuliwa na lile gamba, na gamba hilo lilikua hasa nyakati mbili maishani: tumboni mwa mama, na wakati wa balehe, likisukumwa na homoni za kiume. Balehe ikishaisha, mlango huo umefungwa. Mtu mzima mwenye homoni za kawaida hata akiongezewa testosteroni, uume wake haukui.

Sasa manii yanaingia wapi? Hayaingii popote katika ujenzi huo. Sehemu kubwa ya maji ya manii hutoka kwenye vifuko viwili vilivyo nyuma ya kibofu, nyingine hutoka kwenye tezi dume, na mbegu zenyewe zinazotoka kwenye korodani ni sehemu ndogo sana. Kwa kawaida mtu hutoa mililita 1.5 hadi 5 kwa mara moja, yaani kijiko cha chai hakijai au kimejaa kwa shida. Wanaosema "unamwaga nguvu za kujengea" na wapige hesabu: mililita 100 za manii zina protini kama gramu 5, hivyo anayetoa mililita 4 amepoteza gramu 0.2. Gramu 100 za pweza mbichi wa pale feri zina protini kama gramu 15. Zinki nayo inatajwa sana. Inayotoka kwa mara moja kwa kawaida haifikii miligramu moja, na gramu 100 za korosho zetu zina zaidi ya miligramu 5. Mwili unarudisha hivyo vyote kwa mlo wa kawaida, na korodani hazisimami kutengeneza mbegu hata ukikaa mwaka bila kumwaga. Mbegu zisizotoka huvunjwavunjwa na kufyonzwa na mwili.

Kuhusu testosteroni, kufika kileleni hakuishushi kwa kiasi cha maana. Homoni inayopanda baada ya hapo ni prolaktini, na inatajwa katika ile hali ya mwanaume kupoa na kutotaka tena kwa muda.

Hapo kwenye kupoa ndipo imani hii ilipopata mizizi, na inafaa tupaangalie kwa makini. Mwanaume akishamwaga, neva zinazoendesha hali ya tahadhari mwilini huamuru mishipa ya damu ya uume ibane. Damu inatoka, nyama laini inajikunja, na kwa muda uume unaweza kuonekana mdogo kuliko ulivyokuwa kabla ya tendo. Kijana aliye kwenye mazoezi anachukua futi ya fundi cherehani, anapima dakika chache baada ya kumwaga, moyo unamwenda mbio kwa hofu, na hofu nayo inabana mishipa ile ile. Anaona sentimita zimepungua. Anaamini ameharibu wiki tatu za kazi.

Na kinyume chake pia kipo. Akikaa siku kumi bila kumwaga, hamu inapanda, damu inakuja kwa wingi, uume unasimama wima na kujaa mpaka mwisho wa gamba lake. Anapima, anaona umeongezeka. Haukuongezeka, safari hii umejaa tu, na ile ya kwanza ulikuwa haujajaa. Vipimo vyenyewe pia hudanganya kirahisi. Mafuta ya kinena huficha sehemu ya shina, hivyo ukibonyeza rula mpaka ikutane na mfupa unapata namba moja, na usipobonyeza unapata nyingine. Baridi nayo hukunja: aliyetoka kuoga baharini mwezi wa Julai, kusi ikivuma, asipime chochote.

Basi ukiondoa habari ya manii, mazoezi yenyewe yanafanya kazi? Kule kukamua kwa mkono hakuna ushahidi wa kitabibu unaoaminika kwamba kunakuza uume. Kilichoonyesha matokeo kidogo ni kifaa maalumu cha kuvuta, kinachovaliwa saa kadhaa kila siku kwa miezi. Tafiti zake ni chache, zimehusisha wanaume wachache, na baadhi zilifanywa kwa wagonjwa waliopinda uume; ongezeko lililopatikana ni kama sentimita moja hadi mbili za urefu, siyo unene. Hata huko, sijaona sababu ya kitabibu inayomtaka mtu ajinyime mkewe ili kifaa kifanye kazi.

Madhara ndiyo yananitia wasiwasi. Anayekamua kwa nguvu uume ukiwa umesimama anaweza kupasua mishipa midogo, ngozi ikavilia damu. Akirudia kwa wiki nyingi, lile gamba la kolajeni linaweza kupata makovu, na kovu halitanuki: uume ukisimama unapinda upande wenye kovu, unauma, na wakati mwingine unapoteza ugumu. Mtu alianza akitafuta kuongeza, anaishia kupunguza alichokuwa nacho. Na dawa za "mitishamba" zinazouzwa pamoja na mazoezi haya nazo ni za kuogopa. Mamlaka za dawa, ikiwemo ya Marekani, zimekuta mara nyingi bidhaa za namna hiyo zimechanganywa kwa siri na sildenafili (dawa ya kusimamisha uume, ndiyo Viagra), ambayo kwa mgonjwa wa moyo anayetumia dawa za naitreti inaweza kushusha presha mpaka akafa.

Lipo zoezi moja ninaloweza kulipendekeza kwa moyo mweupe, ingawa halirefushi kitu. Shinani mwa uume, chini ya kinena, ipo misuli ya kweli. Ndiyo inayobana damu isitoroke uume ukisimama, na ndiyo inayosukuma manii nje kwa mikazo inayofuatana kila baada ya sekunde 0.8 hivi. Bana kana kwamba unazuia mkojo na upepo kwa pamoja, shikilia sekunde tano, legeza sekunde tano, mara kumi, mara tatu kwa siku. Unaweza kulifanya umekaa kwenye bodaboda ukisubiri abiria na hakuna atakayejua. Mwaka 2005 watafiti wa Uingereza walichapisha utafiti wa wanaume 55 waliokuwa na shida ya kusimamisha. Baada ya miezi sita ya mazoezi haya na kubadili baadhi ya mienendo, asilimia 40 walirudi katika hali ya kawaida. Wala hakuna sharti la kutomwaga.

Na huenda wengi hawahitaji kukuza chochote. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2015, ukijumuisha vipimo vya wanaume zaidi ya 15,000 vilivyochukuliwa na wataalamu wa afya, ulipata wastani wa sentimita 13.1 uume ukisimama na 9.2 ukiwa umelala. Madaktari hawahesabu uume wa mtu mzima kuwa mdogo kitabibu mpaka ukivutwa uwe chini ya sentimita 7.5 hivi, na walio chini ya hapo ni wachache mno. Kijana aliyeitwa kibamia akakosa usingizi, mara nyingi sana yupo katikati kabisa ya wenzake.

Kujizuia kumwaga kuna mahali pake hospitalini. Anayekwenda kupima manii kwa sababu ya kukosa mtoto huambiwa akae siku 2 hadi 7 ili kipimo kiwe sahihi. Mwanaume aliyetahiriwa ukubwani huambiwa aache tendo na punyeto kwa wiki sita, kidonda kipone. Aliyeumia uume naye hupumzishwa. Hizo ni sababu za kidonda na za kipimo, hazihusiani na kurefuka.

Kama umeshayafanya mazoezi haya na sasa uume unauma, umeanza kupinda au una uvimbe mgumu ndani, acha leo na uende hospitali: Ligula kwa walioko Mtwara, au Sokoine kwa walioko Lindi, au Ndanda kwa walioko Masasi. Ukisikia mlio wa kukatika uume ukiwa umesimama, kisha ukalegea ghafla na kuvimba, au ukisimama zaidi ya saa nne bila kushuka, usingoje asubuhi: nenda usiku huo huo. Daktari ameshawaona wengine kabla yako, na atakachouliza ni ulifanya nini na lini, ili ajue pa kuanzia.