Kwa nini maneno makali hututoka kabla hatujafikiri?

Mama amelazwa, hujalala siku mbili, mara simu inatetema. Ni ujumbe wa kaka yako: "Wewe hujawahi kumjali mama." Hata hujaumaliza kuusoma, kidole gumba kimeshaanza kuandika jibu. Moyo unadunda, masikio yamepata moto, na maneno yanajileta yenyewe. Yanatoka wapi kwa kasi hiyo?

Ndani ya ubongo, kila upande, kuna amigdala, kifundo kidogo chenye umbo la lozi. Kazi yake mojawapo ni kunusa hatari. Mtafiti wa Marekani Joseph LeDoux, akichunguza panya, alionyesha kwamba sauti ya kutisha hufika huko kwa njia mbili: moja ndefu, inayopitia gamba la ubongo ambako sauti huchambuliwa, na nyingine ya mkato. Ya mkato hutangulia. Maneno ya kusoma lazima yaeleweke kwanza, lakini yakishaeleweka kuwa ni shambulio, king'ora kinacholia ni kilekile.

Hapo tezi zilizo juu ya figo humwaga adrenalini, homoni ya kuuamsha mwili. Ini hutoa sukari, damu hukimbilia kwenye misuli. Mwanafiziolojia wa Marekani Walter Cannon alieleza hali hiyo mwaka 1915: mwili unajiandaa kupigana au kukimbia. Sasa fikiria, maandalizi yote hayo ni kwa ajili ya sentensi moja ya ndugu yako.

Wa kutuliza mambo yupo. Ni sehemu ya mbele ya ubongo, nyuma ya paji la uso, ile inayopima nini kitafuata nikisema hivi. Shida ni kwamba msongo mkali huidhoofisha, na kukosa usingizi vilevile. Ndiyo maana katika msiba, ugonjwa au madeni, watu wapole hufokeana kwa sababu ya kikombe kilichoachwa mezani. Naomba tuwaelewe, nasi tujielewe: si lazima iwe roho mbaya. Mara nyingi ni ubongo uliochoka.

Wengine hushauri uimwage hasira yote, upige hata mto. Jaribio la mwanasaikolojia Brad Bushman, lililochapishwa mwaka 2002, lilionyesha kinyume: waliopiga gunia la mazoezi huku wakimfikiria aliyewaudhi walizidi kukasirika.

Kinachosaidia ni kuupa mwili muda. Weka vidole kwenye mshipa wa kifundo cha mkono, kisha toa pumzi polepole, ndefu kuliko ulivyoivuta. Huenda ukahisi mapigo yakipungua kasi kadiri unavyoitoa, kwa sababu neva ya vagasi, inayotoka kwenye ubongo hadi moyoni, hupunguza mwendo wa moyo wakati huo. Kisha itaje hisia kwa jina lake. Katika utafiti wa mwanasaikolojia Matthew Lieberman na wenzake wa mwaka 2007, watu walioonyeshwa picha za nyuso zenye hisia kali na kuzitaja hisia hizo kwa neno, amigdala zao zilitulia kidogo. Na jina likipatikana, mara nyingi si hasira tupu. Ni woga: mama atapona?

Hata kaka yako, huko aliko, huenda anaogopa hilohilo. Futa ulichoandika. Andika: "Kaka, nimeumia kusoma hivi. Nami naogopa. Daktari amekwambia nini leo?"