Kanisa la Kigothi la mji ni kanisa la namna gani? Mfano wa Marienkirche, Lübeck

Lübeck, mji wa bandari kaskazini mwa Ujerumani, una makanisa kadhaa makubwa ya zama za kati, lakini mawili ndiyo yanayoshindana. La kwanza ni Kanisa Kuu, penye kiti cha askofu, lililoanza kujengwa 1173 upande wa kusini. La pili ni Marienkirche, yaani Kanisa la Maria, ambalo liko juu ya kilima katikati ya mji, ubavuni mwa soko na jumba la baraza la mji. Hili halikuwa mali ya askofu. Wenyewe walikuwa wafanyabiashara waliotawala mji, nao walitaka kila anayeingia bandarini aone nani ana nguvu. Kanisa la mji ndilo hilo: la parokia, limejengwa kwa fedha za wenyeji na kusimamiwa na wenyeji.

Na Kigothi? Huo ni mtindo wa ujenzi ulioanzia Ufaransa. Mahali panapotajwa kuwa chimbuko lake ni abasia, yaani makao ya watawa, ya Saint-Denis karibu na Paris, ambako sehemu mpya ya madhabahu iliwekwa wakfu 1144. Kabla ya hapo, mjenzi aliyetaka dari la mawe alikuwa na shida moja kubwa: uzito wa dari husukuma kuta zifunguke kwenda nje. Dawa ilikuwa kuzinenepesha kuta na kuyapunguza madirisha, ndani kukabaki giza. Waashi wa Kigothi walifanya vingine. Walitumia tao lenye ncha, ambalo huuteremsha uzito chini zaidi kuliko tao la nusu duara, wakaupitisha uzito huo kwenye mbavu za dari hadi kwenye nguzo. Msukumo uliobaki waliuzuia kwa matao ya nje, yanayoegemea jengo kama magogo yanavyoegemezwa kwenye ukuta wa udongo unaotaka kulala. Ukuta ukipunguziwa kazi ya kubeba, unaweza kutobolewa madirisha marefu ya vioo vya rangi. Aliyepita karibu na bandari ya Dar es Salaam ameyaona matao yenye ncha kwenye Kanisa la Mtakatifu Yosefu, ingawa hilo ni la 1897 hadi 1902, wakati Wajerumani walipokuwa wakiuiga mtindo wa mababu zao.

Wafaransa walijenga kwa mawe ya kuchonga. Pwani ya Bahari ya Baltiki mawe ya namna hiyo ni adimu. Kilichopo ni udongo wa mfinyanzi. Kwa hiyo Lübeck walichoma matofali. Tofali halichongeki sanamu za watakatifu wala majani ya mapambo, na ndiyo maana kwa nje Marienkirche ni jekundu, pana na kavu. Kwangu mimi ukavu huo ndio uzuri wake, maana jicho halina pa kupumzikia, linapanda tu.

Kazi haikwenda kwa mstari mmoja. Katikati ya karne ya 13 walikuwa wakijenga kanisa lenye kumbi za kimo kimoja, kisha wakabadili nia na kuufuata mpango wa Kifaransa, ukumbi wa kati ukiwa juu sana kuliko wa pembeni. Sehemu kubwa ilikamilika kufikia 1350 hivi. Dari lina kimo cha mita 38.5, refu kuliko dari lolote la matofali la aina yake duniani, na minara miwili inafika karibu mita 125. Miji mingine ya pwani hiyo, Wismar, Rostock na Stralsund, ililiiga.

Humo ndani hapakuwa pa sala peke yake. Baraza la mji liliabudu hapo, na hati za haki za mji zilifungiwa humohumo. Mji ulipoingia Ulutheri, 1531, kanisa liliendelea kuwa la baraza. Mpiga kinanda wake kuanzia 1668 hadi 1707 alikuwa Dieterich Buxtehude, na mtunzi wa muziki Johann Sebastian Bach, angali kijana, alitembea kwa miguu kutoka Arnstadt, zaidi ya kilomita 400, mwaka 1705 kwenda kumsikiliza. Alipewa ruhusa ya wiki nne, akakaa karibu miezi minne.

Usiku wa kuamkia 29 Machi 1942 mabomu ya Waingereza yaliliteketeza. Kengele zilianguka kutoka mnara wa kusini, na vipande vyake vimeachwa hapohapo sakafuni. Moto uliobambua chokaa ulifichua pia michoro ya kale ukutani, na baada ya vita Dietrich Fey na msaidizi wake Lothar Malskat wakapewa kazi ya kuikarabati. Mwaka 1951 ilizinduliwa kwa shangwe, Kansela Adenauer, mkuu wa serikali ya Ujerumani Magharibi, akiwepo, na stempu zikachapishwa. Mwaka uliofuata Malskat akajishtaki mwenyewe: ile ya juu, upande wa madhabahu, alikuwa ameichora yeye tangu mwanzo. Wote wawili wakafungwa, na michoro hiyo ikafutwa.