Je, wajua kwa nini ukibonyeza 8 kibao huandika 6?

Mama mmoja mwenye ghala la dagaa pale Mwaloni, Kirumba, jijini Mwanza, alinipigia simu saa moja asubuhi. "Fundi, mlango wako umenigomea." Mlango ni wake, lakini ukigoma huwa wa fundi. Nilikuwa nimemfungia kitasa cha umeme chenye kibao cha vitufe 16, kinachoongozwa na Arduino Uno, bodi ndogo ya kompyuta unayoiandikia programu. Wiki nzima kilifunguka kwa namba 1959 bila shida. Jana yake nilimbadilishia namba ndani ya programu iwe 1982, mwaka aliozaliwa kifungua mimba wake. Hapo ndipo kilipoanza kukataa.

Nikaenda na laptopu, nikaichomeka nione kibao kinatuma nini. Nikabonyeza 1, ikaja 1. Nikabonyeza 9, ikaja 9. Nikabonyeza 8, ikaja 6. Nikabonyeza 2, ikaja 4. Kumbe mama alikuwa akiandika 1982 na mashine inasoma 1964.

Geuza kibao cha aina hii uhesabu nyaya zake: vitufe ni 16, nyaya ni 8 tu. Kila kitufe kingepewa waya wake, pini za Uno, yaani sehemu za kuchomeka nyaya, zingekaribia kwisha kabla hujaunga hata kitasa. Kwa hiyo waya nne hupita kwa mlalo (mistari) na nyingine nne kwa wima (safu), mfano wa miti ya chanja ya kuanikia dagaa, na kitufe kimoja hukaa juu ya kila makutano:

1 2 3 A
4 5 6 B
7 8 9 C
* 0 # D

Namba zimechapwa juu kwa ajili yetu sisi. Mashine haijui 8 ni nini. Inachojua ni kwamba waya wa mstari wa tatu umegusana na waya wa safu ya pili.

Inajuaje? Mistari yote minne hushikiliwa kwenye volti 5 na rezista, yaani vipunguza umeme, zilizomo ndani ya chipu ya Uno yenyewe, za kati ya kilo-ohmu 20 na 50. Kisha programu hushusha safu moja hadi sifuri na kuangalia mistari: kuna uliogusana na safu hiyo ukaanguka nayo? Kama hakuna, huiachia safu hiyo na kushusha inayofuata. Ni kama mlinzi anayepita ghala kwa ghala usiku akigonga milango, ila huyu anamaliza mzunguko kabla hata kidole chako hakijainuka.

Sasa makosa yangu. Nilipounga, waya nne za mistari nilizipeleka kwenye pini za safu, na za safu kwenye pini za mistari. Makutano ya mstari wa 3 na safu ya 2, yaani 8, yakasomwa kama mstari wa 2 na safu ya 3, yaani 6. Lakini 1, 5, 9 na D ziko kwenye mshazari, mstari na safu vina namba ileile, hivyo hata ukivigeuza hakuna kinachobadilika. Na mimi nilikuwa nimejaribu kitasa kwa 1959! Nilichagua namba pekee zisizoweza kunisuta.

Ndiyo maana napenda kibao kinachokosea kuliko kilichokufa kabisa, kwa sababu makosa yake yana mpangilio. Ukichomeka kiunganishi kichwa chini, 1 itakuja D, na zitakazobaki sahihi ni A, 6, 8 na *, yaani mshazari wa upande mwingine. Zikinyamaza 1, 2, 3 na A kwa pamoja, waya wa mstari huo umeachia. Kikinyamaza kitufe kimoja tu, acha nyaya, tatizo liko chini ya kitufe hichohicho.

Kuhakikisha, chomoa kibao kabisa, shika mita ya kupimia umeme, bonyeza kitufe na upime waya mbili mbili. Usitegemee mlio wa mita. Vibao vya plastiki laini huwa na ukinzani mkubwa kiasi cha mita kukataa kulia hata kitufe kikiwa kizima. Weka kwenye ohmu usome namba.

Kitufe kimoja kikiandika mara mbili, nyaya hazina kosa. Vigusio hurukaruka kwa milisekunde chache kabla ya kutulia, na programu huona kila mruko kama bonyezo jipya. Iambie programu isubiri milisekunde 10 au 20 kabla ya kuamini. Kibao kikijibonyeza chenyewe, angalia kama zile rezista za ndani zimewashwa kwenye programu. Zisipowashwa, pini inaning'inia hewani na hata mkono ukipita karibu huisumbua. Kama zimewashwa, kagua unyevu kati ya tabaka za plastiki. Kwa mlango unaotazama ziwa hilo si jambo la ajabu. Na kwenye Uno usiunge kibao pini 0 na 1. Hizo ndizo zinazoongea na kompyuta, zitagombana.

Ya mama sikugusa hata waya mmoja. Kwenye programu nilibadilishanisha orodha ya pini za mistari na ya pini za safu, nikairudisha ndani ya Uno. Akabonyeza 1982, kitasa kikalia "ka!", naye akaingia kutazama magunia yake bila kuniaga. Siku hizi kibao changu kipya nakijaribu kwa 2, 3 na 7 kwanza.