Kwa Nini Kapasita Huchaji Haraka Mwanzoni na Polepole Mwishoni

Kapasita (kijenzi kinachohifadhi chaji ya umeme) inapounganishwa na betri kupitia rezista (kijenzi kinachozuia kiasi mkondo wa umeme), volteji ya kapasita haipandi kwa kasi moja tangu mwanzo hadi mwisho. Hupanda haraka mara tu swichi inapowashwa, kisha kasi hiyo hupungua kidogo kidogo, na kwa hesabu kamili volteji ya kapasita haiifikii ya betri kamwe, ingawa huikaribia kiasi kwamba tofauti haipimiki tena. Wanafunzi wengi hudhani kuwa betri ndiyo inayoishiwa nguvu. Sivyo; sababu imo katika kapasita yenyewe.

Kabla ya kuchajiwa, mabamba mawili ya kapasita, yaliyotenganishwa na kihami (kitu kisichopitisha umeme), hayana tofauti yoyote ya volteji kati yao, hivyo volteji yote ya betri huwa kwenye rezista na mkondo huwa katika kilele chake. Chaji inapoendelea kujikusanya kwenye mabamba, kapasita hujenga volteji yake inayopingana na ile ya betri. Kinachobaki kusukuma mkondo ni tofauti kati ya volteji hizo mbili tu: tofauti ikipungua, mkondo nao hupungua, na mkondo ukipungua, chaji inayoongezeka kila sekunde huwa ndogo zaidi. Mfano wa tangi linalojazwa na bomba kutoka juu, ingawa hupendwa, hauelezi jambo hili, kwa kuwa maji ya bomba hilo hayazuiliwi na yale yaliyokwisha kuingia.

Tuchukue betri ya volti 9, rezista ya omu 10,000 na kapasita ya mikrofaradi 470. Mkondo wa kwanza ni miliampia 0.9. Ukizidisha ukinzani wa rezista kwa kapasitansi (kiasi cha chaji ambacho kapasita huweza kuhifadhi kwa kila volti) unapata sekunde 4.7, muda unaoitwa konstanti ya muda ya saketi. Kama mkondo ule wa kwanza ungedumu bila kupungua, kapasita ingejaa katika sekunde hizo 4.7, lakini kwa kuwa hupungua, katika muda huo volteji hufika asilimia 63.2 tu, yaani takriban volti 5.7. Kila sekunde 4.7 zinazofuata, pengo lililobaki hupunguzwa kwa uwiano uleule: volti 7.8, kisha 8.6, na baada ya konstanti tano, karibu sekunde 23.5, volti 8.94. Mafundi huihesabu hali hiyo kuwa kujaa.

Kuna dhana potofu inayostahili kusahihishwa kwa uangalifu, nayo ni kwamba rezista kubwa huifanya kapasita ibaki na volteji ndogo. Ukiweka rezista ya omu 100,000, muda huongezeka mara kumi, lakini kikomo hubaki volti 9. Cha kushangaza zaidi, nusu ya nishati inayotoka kwenye betri hadi kapasita ijae hugeuka joto katika rezista, iwe kubwa au ndogo. Ukubwa wake huamua tu kama joto hilo litatoka kwa ghafla au taratibu.

Anayejaribu kwa mikono yake asitarajie sekunde 4.7 kamili. Kapasita za elektroliti, aina itumikayo kwa kawaida kwa ukubwa kama huu, huruhusiwa kwa kawaida kutofautiana na thamani iliyoandikwa kwa asilimia 20, hivyo muda unaweza kuwa popote kati ya sekunde 3.8 na 5.6. Mita ya kupimia volteji nayo huathiri matokeo: yenye ukinzani wa megaomu 10, ikiunganishwa kwenye kapasita inayochajiwa kupitia rezista ya megaomu 1, itasoma mwisho volti 8.2 badala ya 9. Kapasita za elektroliti pia zina upande chanya na hasi, na zikigeuzwa huweza kupasuka.

Kutoa chaji hufuata kanuni ileile kinyumenyume: baada ya konstanti moja hubaki asilimia 36.8 ya volteji. Ndiyo maana kapasita ya volteji kubwa isiyo na njia ya kutolea chaji inaweza kubaki hatari muda mrefu baada ya kifaa kuchomolewa, na fundi makini huipima kwanza kabla ya kuigusa.