Picha ya CT scan yako ina siri gani? Maswali na majibu kuhusu alama fiche

Nimepewa sidii ya CT scan, kuna nini humo zaidi ya picha?
Mengi tu. Picha za hospitali huwa kwenye mfumo unaitwa DICOM, na kila faili limebeba jina lako, tarehe ya kuzaliwa, namba ya mgonjwa, siku uliyopimwa. Utrasaundi ndo balaa zaidi maana mara nyingi jina limechapwa juu ya picha yenyewe, hata mtu akifuta yale maelezo ya faili jina bado lipo pale pale juu.

Sasa alama fiche, yaani taarifa iliyofichwa ndani ya picha yenyewe, inafanyaje kazi?
Picha ni namba tupu, moja kwa kila kidoti chake (pikseli). Pikseli ya CT scan huwa na ngazi kama 4,096 kutoka nyeusi mpaka nyeupe, kwahiyo ukichukua pikseli ya 1,200 ukaifanya 1,201 hakuna jicho litakaloona. Ila kompyuta inaona, namba shufwa kama 1,200 inasomeka sifuri na namba witiri kama 1,201 inasomeka moja, na hizo sifuri na moja zikipangwa zinakuwa maandishi. Kipande kimoja cha CT scan, cha 512 kwa 512, kina pikseli 262,144, humo unaficha namba ya mgonjwa na muhuri wa hospitali na nafasi inabaki.

Si itamharibia daktari picha?
Hofu ya kweli hiyo. Wengine wanaweka alama kwenye ule weusi wa pembeni tu wasiguse kiungo chenyewe, mi naona ni dhaifu kidogo maana mtu akikata pembeni alama imeenda. Kuna njia nyingine, ya kurudisha nyuma, yaani programu inatoa alama na kila pikseli inarudi ilivyokuwa.

Nani atahangaika kuchezea skani ya mtu?
Mwaka 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha Ben-Gurion, Israeli, walionyesha programu inayoweza kupachika au kufuta vinundu vya saratani kwenye CT scan za mapafu, na madaktari bingwa wa picha wakadanganyika. Fikiria bima, au kesi mahakamani. Alama laini, yaani alama fiche inayoharibika kirahisi, ikiwekwa mapema, mtu akigusa picha inavunjika na inajulikana imeguswa.

Kwahiyo nikiwa na alama niko salama?
Hapana, usichanganye. Alama haifichi picha, atakayepata faili anaona mapafu yako kama kawaida, kumzuia asifungue ni kazi ya paswedi na kusimba faili (kuligeuza lisisomeke bila ufunguo). Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 na Kenya ina ya 2019, zote zinahesabu habari za afya kuwa nyeti, so una haki kabisa ya kuuliza hospitali picha zako zinakaa wapi na nani anazifungua.

Na nikimtumia daktari kwa WhatsApp?
Ukituma kama picha ya kawaida inabanwa, alama laini inakufa, na hata ubora unashuka. Mwombe daktari aone faili halisi la kwenye sidii. Na kama ni picha ya kuweka status ndugu wakuombee, kata kwanza ile kona yenye jina.