Vipokezi vitatu si nguvu mara tatu

"Hii inaamsha kipokezi kimoja, ile viwili, na mpya hii vitatu. Basi ya vitatu ndiyo kali." Hesabu hii kuhusu dawa za kupunguza uzito naisikia kwa wanafunzi, kwa wauzaji wa peptidi (minyororo mifupi ya asidi amino, kama dawa hizi), hata kwa watafiti waliobobea katika fani nyingine. Imenichosha.

Ni kweli semaglutidi huamsha kipokezi (protini ya seli inayoitikia homoni) cha GLP-1, homoni ya utumbo; tirzepatidi huamsha hicho pamoja na cha GIP, homoni nyingine ya utumbo; na retatrutidi huongeza cha glukagoni, homoni ya kongosho. Kosa ni kuvijumlisha. Tirzepatidi hushika kipokezi cha GIP karibu sawa na homoni yenyewe, lakini kile cha GLP-1 hukishika kwa udhaifu wa takriban mara 5 ukilinganisha na GLP-1 ya mwilini. Tena ikishakishika, huchochea zaidi njia ya cAMP (ishara ndani ya seli) na kuita arestini (protini inayozima kipokezi) kidogo, kwa hiyo vipokezi vichache humezwa ndani ya seli na vingi hubaki juu yake. Sasa hapo "dhaifu" maana yake nini?

Glukagoni nayo ikiachwa peke yake hupandisha sukari, kwa kuwa hulifanya ini liachie glukosi. Imeingizwa kwa sababu huongeza matumizi ya nishati, huku GLP-1 na GIP zikiidhibiti sukari hiyo. Halafu ipo dawa nyingine, maridebart cafraglutide, ambayo huamsha kipokezi cha GLP-1 lakini huziba cha GIP, na uzito bado hushuka. Wenye hesabu yao wataipa alama ngapi? Moja kutoa moja?

Kinachoniudhi zaidi ni panya. Tirzepatidi huamsha kipokezi cha GIP cha panya kwa unyonge mno kuliko cha binadamu. Anayeishindanisha na semaglutidi kwa panya wa kawaida, kwa sehemu kubwa analinganisha GLP-1 na GLP-1, kisha anaandika hitimisho kuhusu GIP. Tumia panya waliopandikizwa jeni ya kipokezi cha binadamu, na spishi ya kipokezi itajwe kabla ya matokeo yoyote. Ripoti isiyoitaja huwa siendelei kuisoma.

EC50 (kiwango cha dawa kinachotoa nusu ya mwitikio wa juu kabisa) za maabara mbili usizipange safu moja hivi hivi. Peptidi hizi zina mkia wa asidi ya mafuta unaong'ang'ania albumini, protini ya damu, hivyo ukiweka seramu (majimaji ya damu yenye albumini) kwenye sahani ya seli, namba hupanda bila kipokezi kubadilika. Na linganisha kwa moli, yaani kwa idadi ya molekuli: semaglutidi ina uzito wa daltoni 4,114 hivi, tirzepatidi 4,814. Miligramu moja ya kila moja haina idadi sawa ya molekuli.

Kudumu muda mrefu mwilini si ukali. Nusu-uhai wa semaglutidi ni siku 7 hivi, wa tirzepatidi 5. Hata hivyo, jaribio lililozikutanisha ana kwa ana kwa wiki 72, matokeo yakachapishwa 2025, lilionyesha uzito kupungua kwa asilimia 20.2 kwa tirzepatidi na 13.7 kwa semaglutidi.

Asilimia 99 kwenye cheti cha HPLC, kipimo cha usafi wa peptidi? Hiyo ni sehemu ya peptidi kati ya vilivyoonekana kwenye mchoro. Maji, chumvi na endotoksini (sumu za bakteria) havimo humo. Na chupa yenye maandishi "kwa utafiti tu" si dawa ya famasi kwa bei nafuu, hata jina likiwa lile lile. Isiingie mwilini mwa mtu.